Nyumba ya Siku Tatu

Mwaka wa tatu wa ndoa yetu ulinikuta bado sina mlango wa kufunga. Mume wangu alikuwa shofere wa kamyo iliyobeba samaki kutoka Kasenga hadi Elisabethville, na mimi nilisafiri naye. Tajiri wake aliniruhusu kwa sababu nilijua kuchagua samaki ufukweni kabla hawajafunikwa barafu. Tulilala nyuma ya viti, juu ya ubao ambao mume wangu aliupigilia mwenyewe. Sufuria, jiko dogo la makaa na mfuko wa unga wa kusongea bukari vilikaa chini ya miguu yangu. Barabara ikiwa kavu tulifika kwa siku moja. Wakati wa mvua hakuna aliyejua tungefika lini.

Sikulalamika. Nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa sita katika familia ya Kikatoliki iliyotoka kaskazini mwa Katanga, na mpaka siku ya kuolewa sikuwahi kulala bila miguu ya mtu mwingine karibu na uso wangu. Ndani ya kamyo tulikuwa wawili tu.

Kisha nikapata mimba. Masista wa zahanati waliniambia kwamba mvua zikianza nisipande tena gari mpaka nijifungue. Nilipomwambia mume wangu kwamba lazima tutafute nyumba alikubali mara moja, nami nikafurahi. Sikujua bado kwamba mtu anaweza kukubali kwa mdomo na moyo wake ukabaki nyuma.

Tulikuwa mjini siku tatu kila juma, kamyo ikishusha samaki na kupakia chumvi, sabuni na vitambaa vya kurudi navyo. Kwa hiyo tulitaka nyumba ya siku tatu. Katika ofisi ya mtaa, karani alimuuliza mume wangu analala wapi, naye akajibu kweli: ndani ya kamyo. Karani akafunga kitabu chake. Alieleza kwamba nyumba ni chache na wanapewa watu watakaolala ndani yake kila siku. Hakusema kwa dharau. Hata alituelekeza kwa watu wawili waliokuwa na chumba cha kupangisha.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Kilikuwa na sakafu ya saruji, na bomba la maji halikuwa mbali. Mume wangu alitazama njia ya kuingilia, akasema kamyo haiwezi kupita. Cha pili kilikuwa kwenye barabara pana. Alisema bati litavuja. Nikainua macho nikalichunguza bati lote, sikuona tundu hata moja. Juma lililofuata tulikwenda kuona nyumba karibu na soko, akasema pana kelele. Tukaona nyingine mbali na soko, akasema pako kimya mno.

Tulirudi kwenye kamyo. Nilipanda kwa shida, maana tumbo lilikuwa limeanza kunizuia, nikafunga mlango wangu.

"Baba, kama hautaki nyumba, sema tu," nikamwambia mume wangu.

Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, ingawa injini ilikuwa imezimwa. Kisha akanieleza jambo ambalo kwa miaka mitatu hakuwahi kuligusa. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Walikaa kambini, katika nyumba ya matofali ya vyumba viwili, na mama yake alikuwa amepanda mpapai mbele ya mlango. Baba akaugua, akafa. Kabla juma la maombolezo halijaisha, alikuja mtu mwenye karatasi, na familia nyingine ilikuwa imesimama barabarani na vyombo vyake, ikingoja wao watoke. Yeye alikuwa na umri wa miaka tisa. Waliwekwa juu ya kamyo pamoja na magodoro yao, wakapelekwa Kasenga, kando ya mto Luapula, kwa ndugu wa mama. Mpapai ulikuwa na matunda mabichi.

"Ile siku njo nilipandaka kamyo mara ya kwanza," akasema. "Kamyo haijanifukuza bado."

Nilimfahamu mama yake kama mwanamke mtulivu wa Kasenga, anayependa kukaa nje hata jua likiwa kali. Sasa nilielewa kidogo. Lakini nilimwambia mume wangu kwamba mtoto hatazaliwa juu ya ubao, naye akaitikia kwa kichwa, akawasha injini.

Nyumba yetu tuliipata safari iliyofuata, tukiwa hatuitafuti. Tulikuwa tunaingia mjini kwa upande wa Kampemba, ambako wakati ule mashamba yalikuwa mengi kuliko nyumba, maji ya injini yakachemka. Tukasimama kuomba ndoo ya maji kwa mzee mmoja mkulima, mtu wa zile familia zilizokuwepo kabla migodi haijafunguliwa. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na nyumba ndogo ya udongo, chumba kimoja na baraza. Mwanawe aliyeijenga alikuwa amehamia kambini kwa ajili ya kazi. Haikuwa na mlango, fremu tupu tu. Mbele yake palikuwa na uwanja ambao kamyo ingeweza kugeuka bila kurudi nyuma.

Mume wangu aliizunguka nyumba ile mara tatu. Nilikuwa nangoja aseme kasoro yake. Badala yake akamgeukia mzee.

"Tata, hapa nani anaweza kutufukuza?"

Mzee alifikiri kwanza. "Bazungu balituhamishaka mara mbili," akasema. "Kwanza kule kwenye iko gare ya treni sasa. Kisha kule Bel-Air. Kama batarudia, miye sijue."

"Na mulifanyaka nini?"

"Tuling'oaka milango, tukabeba. Kuta ni udongo tu."

Akatupeleka kuutazama mlango wa nyumba yake, wa mbao nzito nyekundu, uliochongwa na baba yake. Ulikuwa umekaa katika nyumba tatu. Mume wangu aliweka kiganja juu yake, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Halafu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa majuma mengi.

"Basi," akasema, "sisi tutaleta mulango yetu."

Mke wa mzee alitoa sharti moja: nyumba isiyowashwa moto huliwa na mchwa, kwa hiyo siku tusizokuwepo yeye angewasha, nasi tungemletea samaki mkavu. Tukakubaliana. Mlango mume wangu aliutengeneza kwa mbao za masanduku ya samaki, na kwa muda mrefu paka wa jirani walikuja kulala kizingitini.

Hata hivyo, majuma ya kwanza tulipokuwa pale yeye alilala kwenye kamyo uwanjani. Nilikasirika, kisha nikaacha kukasirika. Mimi mwenyewe sikuweza kusinzia mchana katika nyumba isiyotikisika.

Mvua zilipoanza akaondoka peke yake. Mtoto alikuja alasiri moja, haraka, kabla sijapata mtu wa kunifikisha kwa masista. Mke wa mzee ndiye aliyempokea. Alikuwa mtoto wa kike. Baba yake alikuwa amekwama kwenye matope siku mbili njiani. Alipofika asubuhi, suruali ikiwa imekauka kwa udongo, alisimama nje ya mlango alioutengeneza mwenyewe akabisha hodi.

"Ingia, baba," nikamwambia. "Ni kwako."

Alivua viatu nje. Alimtazama mtoto muda mrefu bila kumgusa, kwa sababu ya mikono yake michafu, kisha akajilaza juu ya mkeka kando yetu, akalala mpaka jioni. Tangu siku hiyo hakulala tena uwanjani.

Tulikaa pale miaka mitano, siku tatu kati ya saba, na hakuna aliyekuja na karatasi. Mtoto alipofikisha miezi mitano nilirudi barabarani naye. Wa pili alizaliwa kiangazi. Siku hiyo kamyo ilikuwa imekwisha pakiwa na barabara ilikuwa kavu kabisa, lakini mume wangu alikwenda kwa tajiri asubuhi akamwambia kwamba leo hatasafiri. Tajiri alimuuliza sababu. Akajibu kwamba ana kazi nyumbani.