Glasi ya Diriye Kinyozi

Msiniambie Diriye alikuwa mchekeshaji. Alikuwa kinyozi, tena mume wangu. Kuchekesha kulikuwa njia yake ya kumtuliza mtu aliyewekewa wembe kooni, na miaka ile ya vita vya serikali na waasi wa shifta, Garissa nzima ilikuwa imewekewa wembe kooni. Mchana alinyoa kwenye mtaa unaoitwa Iftin leo. Saa ya kafyu ikikaribia tulirudi ndani ya seng'enge, kwenye kijiji ambamo serikali ilitukusanya.

Mama mkwe wangu, Maka, alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono. Mama yake naye alikufa nao. Unaanza na mkono mmoja, mwisho wake mtu analishwa. Shehe alimsomea maji, na nusu yake yakammwagikia kifuani. Sasa fikiria kinyozi mwenye ugonjwa huo katika damu! Ndiyo maana kila alfajiri, baada ya swala, Maka aliniambia nijaze glasi ya chai hadi ukingoni, mwanawe aishike mbele ya macho yake. Isipomwagika, Maka anasema, "Alhamdulillahi, nenda kazini." Mimi nimesimama na birika, roho juu juu, kila siku ya Mungu.

Basi siku moja likaja gari la sinema la serikali. Bwana Ndirangu, mtu wa bara aliyekuja na kamera, alitaka kupiga picha za watu wenye furaha. Furaha, ndani ya seng'enge! Akamzungukia kila mtu, hakuna aliyecheka. Mwishowe askari mmoja, mteja wa Diriye, akamwambia, "Mchukue yule kinyozi."

Diriye akajitanda shuka ya mama yake, akasimama peke yake katikati ya uwanja. Akamwigiza Maka akitia sukari, kijiko kwa chai, kijiko kwa mbuzi. Akamwigiza akimpa mgeni mkono: mgeni ameshafika Kutulo, mbali huko, mkono bado unamsalimia. Kisha akamwigiza askari wa msako: "Mikono juu!" Mikono ya Maka ikapanda ikitetemeka. "Mama, usiogope." Na Maka akajibu kwa lafudhi yake ya Kisomali, "Mimi siogobi, baba. Ni huu mkono, hauna adabu."

Weee! Mpaka askari walishika mbavu. Na aliyecheka kuliko wote ni Maka mwenyewe, amekaa kwenye mkeka, machozi yanamtoka. "Ananijua huyu mtoto," aliniambia. "Mwache achekeshe, kesho glasi inamngoja tena." Wallahi nilimpenda yule bibi.

Mvua zilipokuja Maka akafa. Hatukuwa na picha yake hata moja.

Baada ya maziko Diriye aliiacha ile glasi. Nikijaza, anasema, "Weka hapo, bado moto." Halafu akaanza kumwigiza mama yake humu humu ndani. Anafunga kiatu, mkono unacheza. Anakula, mkono unacheza. Nikimtazama, anatoa sauti ya Maka, "Hauna adabu huu!" Watoto wanacheka. Mimi nikawa naogopa, naona kama bibi hajaondoka nyumbani. Siku moja nikamfokea, "Diriye, mwache marehemu apumzike!" Akacheka, akatoka nje.

Bwana Ndirangu akarudi na filamu. Kwa sababu ya kafyu walituonyesha mchana, ndani ya darasa, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Filamu haikuwa na sauti. Shuka ile ilipotokea ukutani, mgongo umeinama, mkono unasalimia hewa, nilipiga kelele, "Hooyo! Mama!" Sikumwona mume wangu kabisa. Nilimwona Maka, mzima, amerudi. Wanawake wakalia na kucheka kwa pamoja.

Kisha pale ukutani Diriye akavua shuka. Mchezo umekwisha, amekuwa yeye. Amesimama wima, anatabasamu, anangoja kamera izimwe. Na mkono wake wa kulia, ule wa wembe, uliokuwa umening'inia tu pembeni, ukaendelea kutetemeka.

Darasa zima likaangua kicheko. Walidhani ni mzaha bado. Bwana Ndirangu akapiga makofi.

Nikageuka. Diriye alikuwa kando yangu, ameukalia ule mkono. Uso wake haukuwa na mzaha wowote. Ndipo nikaelewa ni nini nilichokuwa nikimkataza nyumbani.

Asubuhi, baada ya swala, nilichukua birika kwa mazoea. Diriye akaketi pale alipokuwa akiketi mbele ya mama yake, akanyoosha mkono mwenyewe.

"Muslimo," akaniambia, "leo nijazie nusu."

Nikajaza nusu. Ikamwagika.