Panzi wa Kaka Yangu

Kwihara nzima mimi ndiye wa kwanza kukatia tumbaku bima. Si kwa akili. Shule niliishia kidato cha pili, tena nikikaa karibu na mlango. Nilisaini kwa sababu bwana wa bima, aliyekuja na bodaboda kutoka Tabora mjini, aliniita mkulima wa kisasa. Mke wangu mwenyewe hajawahi kunipa cheo hicho.

Kilichoniponza ni mdomo. Kilabuni, pombe ikiwa kichwani, niliwaambia wenzangu, "Mvua ya mawe ikishuka, nyie mtalia, mimi nitacheka."

Haikupita wiki, ikashuka. Tumbaku ikachanika yote, yangu na ya kaka yangu mkubwa, maana mashamba yetu yametengwa na mfereji tu. Asubuhi nikaenda kumpa pole.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja kucheka?"

Kwetu mvua mbaya haishuki hivi hivi, ina mtu wake. Safari hii mtu mwenyewe nikawa mimi: eti nimeiita ili nilipwe. Kisimani mke wangu akifika na ndoo, wenzake wanaondoka.

Bwana wa bima akaja kukagua. Fomu yake ilitaka jirani athibitishe kwamba ni mawe kweli. Bila malipo yale, msimu unaofuata sina mbegu wala mbolea. Na jirani ndiye kaka.

Tukamkuta amesimama katikati ya tumbaku yake iliyolala chini.

"Mzee, mvua ya mawe ilipiga siku gani hapa?"

"Mvua ipi? Huku haikunyesha."

Bwana wa bima akainua jani lililotoboka kama chekeche. "Na haya matundu?"

"Panzi."

"Panzi wamevunja mpaka mashina?"

"Panzi wa Kwihara wana hasira."

"Kaka," nikamwambia, "na wewe si umeumia?"

"Nimeumia. Sasa tulie wote."

Bwana wa bima hakubisha. Aliandika panzi haraka kuliko alivyoniita mkulima wa kisasa. Panzi hawamo kwenye bima.

Msimu uliofuata tumbaku sikulima, nikapanda viazi. Tukala michembe asubuhi, michembe jioni, viazi vikavu hivyo mpaka meno yakalegea. Kaka naye hivyo hivyo, ng'ambo ya mfereji, namwona anatafuna. Ni mkubwa wangu, lazima nimwamkie.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona hucheki?"