Msichana Aliyekataa Kuapa

Wasomaji wangu, juzi asubuhi shangazi alinipigia simu kutoka Pemba, ule mji wa pwani ya kaskazini mwa Msumbiji. Hakunisalimu. "Binti yangu amefariki," alisema, nami nikajua anamsema nani, maana binti wa kumzaa hana. Ni muuguzi mmoja Mmenonite aliyeishi kwake tangu usichana, aliyeugua kwa muda mfupi tu. Nilisikitika, na papo hapo nikaona wivu. Mimi, mtoto wa kaka yake, hajawahi kuniita hivyo.

Tulikutana tukiwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimetoka kijijini Quionga kusoma Pemba, nikikaa kwa shangazi, na nilikwisha kuuzoea mji: kuvua mtandio nikikaribia shule, kuchomeka Kireno katika kila sentensi. Ndipo akaletwa yeye tulale chumba kimoja. Baba yake alikuwa mkulima huko bara, katika jamii ya Wamenonite, Wakristo wasiopenda makuu, na mume wa shangazi alikuwa akinunua mahindi kwao. Alikuja na gauni refu la kijivu na kitambaa kichwani. Tukivuka barabara alinishika mkono hadi ukauma. Shuleni wakamwita "freira", yaani mtawa. Msichana mmoja akamuuliza, "Hiyo nguo umeazima kwa bibi yako?" Akajibu bila kukasirika, "Nimeishona mwenyewe. Ukitaka nitakushonea." Kabla ya muhula kwisha, yule msichana alikuwa chumbani kwetu akipimwa kiuno. Mimi niliyehangaika kufanana nao, hakuna aliyewahi kunifuata nyumbani.

Siku moja herini za dhahabu za shangazi zikapotea. Akatuita sote wawili. Nikatawadha, nikaapa kwa Msahafu. Akamgeukia mwenzangu: "Nawe apa kwa Biblia yako."

"Mama, kwetu hatuapi. Sikuzichukua."

"Kama huna hatia, unaogopa nini?"

"Nikiapa leo, mama, kesho nisipoapa utaniamini vipi?"

Nilidhani atafukuzwa. Shangazi akasema, "Haya, nenda kaangalie wali." Halafu akanigeukia mimi niliyeapa: "Hebu fungua sanduku lako nione." Herini zilionekana kesho yake ndani ya foronya ya shangazi mwenyewe.

Baadaye mwenzangu akasomea uuguzi, akahudumia watu waliokimbia vita kutoka vijiji vya pwani kama Mucojo na kwingineko. Nilipomtembelea kazini, wanawake wawili waligombea zamu ya dawa, mmoja akiapa kwa Mungu, mwingine kwa wanawe. Wakamwita. "Mama huyu ndiye aliyetangulia," akasema, na ugomvi ukaisha. Mimi huandika safu nzima, na bado mnaniuliza kama ni kweli.

Siku hizi za vita huku kwetu mtu huulizwa kila mahali ametoka wapi na ni wa nani, na kiapo kimekuwa chepesi kama salamu. Si kwamba yeye aliukataa mji. Alijifunza Kireno, akanunua simu, akaendesha pikipiki. Mengi yalibadilika kwake, ila neno lake halikubadilika. Bado namwonea wivu, wala sioni haya, kwa sababu wivu huu umenifundisha kwamba kuaminiwa hakuombwi siku ya shida. Hujengwa siku zile nyingine zote, ambapo hakuna anayekuuliza lolote.