Mrututu Uliopoteza Rangi

Ahmednur Samatar wa mtaa wa Wabera, mjukuu wa askari wa mkoloni, aliuza dawa za mifugo na hakubandika jina kwenye kopo hata moja. "Macho yangu yanatosha," alijigamba, na kwa miaka mingi yalimtosha kweli. Mrututu wa kuoshea vidonda vya ngamia, sumu kwa anayeunywa, ulikuwa wa buluu. Shabu ya kusafishia maji ya matope ilikuwa nyeupe. Nani angekosea hapo?

Kiangazi cha mwaka wa themanini na nne, wafugaji wakataka mrututu wa unga. Mawe yake yalimsumbua kusaga, basi akayakaanga. Kumbe maji yaliyojificha ndani ya mawe yale ndiyo yaliyoyashikanisha, na ndiyo yaliyoyapa rangi. Moto ulipoyafukuza, mawe yalimomonyoka yenyewe, ukabaki unga mweupe. Bwana yule akafurahi kupindukia, akautia koponi, akaliweka kopo kando ya lile la shabu.

Asubuhi moja Gumato, mama wa kijiji cha Korbesa, akaingia dukani mbio, lori likimpigia honi nje.

"Salaam aleikum, mzee. Nipatie shabu. Maji ya kwetu imekuwa matope tu."

Akachota unga mweupe kwa kiganja, akampimia, Gumato akaenda zake.

Adhuhuri Ahmednur alinawa mikono kabla ya sala. Maji ya beseni yakageuka buluu. Alisimama akiyatazama, maana sasa alijua alichompa yule mama: mrututu, si shabu.

Lori jingine la kwenda Korbesa lilipatikana kesho yake. Njia nzima alijifariji kwamba watu wana macho, wataiona buluu, watamwaga. Gumato alimpokea kwa desturi, maji kwanza, habari baadaye. Lakini mifugo ilikuwa imekauka maziwa, na vibuyu vya maziwa ndivyo vilivyobeba maji siku hizo. Vibuyu hivyo hufukizwa moshi mpaka viwe vyeusi ndani. Ahmednur alichungulia ndani ya kibuyu alichopewa, asione rangi yoyote. Akamimina kidogo kwenye pindo la kanzu yake nyeupe. Doa la buluu likatambaa.

"Nani amekunywa haya?" aliuliza.

"Bado, mzee. Tuliacha itulie kwanza." Gumato alilishangaa lile doa. "Ni binti yangu Madina tu alishindwa na kiu jana. Amelia tumbo usiku mzima. Saa hii amenyamaza."