Hebu Tukione Kidonda

Ukitaka kujua ukoo wako unakupenda kiasi gani, pata kidonda. Cha mama yangu kilikuwa juu ya paja, chini ya bandeji nyeupe, na kwa majuma kadhaa hakukuwa na kitu Uchaggani ambacho watu walitamani kukiona kama hicho. Walishuka kutoka mlimani, ng'ombe wameachwa bila majani, wakaja Njoro, mjini, nyumbani kwangu, wakasema pole, wakanywa chai, kisha wakainama kitandani: "Hebu tukione."

Mama alikuwa amebadilishiwa nyonga. Ile aliyozaliwa nayo ilisagika kwa miaka ya kupanda na kushuka na mizigo ya majani kichwani, hata ikawa kwenda jikoni kwake lazima ashikilie migomba. Alichotaka ni kimoja tu, kurudi kihambani, kwenye shamba lake la migomba kule mlimani, kwa miguu yake. Daktari wa hospitali kubwa alituambia nyonga ya chuma ingemrudisha, ila ina maadui wawili: damu kumwagika nyingi, na wadudu kuingia kwenye kidonda. Wa kwanza angepambana naye yeye. Wa pili, akasema akinitazama mimi, mtapambana naye nyumbani. Maskini, hakuujua ukoo wetu.

Vita vya damu vilianzia kwenye pindo la kitenge cha mama. Humo alifunga aspirini zake, alizozitafuna kama karanga kwa sababu ya maumivu, na daktari alisema zinazuia damu kuganda, aziache mapema kabla ya kisu. Mama aliitikia kwa adabu zote akaendelea kutafuna. Nilimnyang'anya nikazitupa chooni, akaninunia. Kisha hospitali ikamtoa damu yake mwenyewe na kuihifadhi, ili arudishiwe siku ya upasuaji badala ya kuwekewa ya mtu mwingine.

Hapo ndipo shangazi, dada yake marehemu baba, alipopata kazi. Alikuwa mfanyabiashara pale Himo, na tangu biashara ya mpakani ifunguliwe aliamini hakuna shida ya binadamu isiyo na dawa ng'ambo ya mpaka wa Holili. "Mumiani wa siku hizi wanavaa koti jeupe," alitangaza. "Wanamkamua wifi yangu kwanza, ndipo wamchinje!" Upasuaji ulipokwisha salama, damu iliyopotea ikiwa kidogo na mama amerudishiwa ile yake, shangazi aliingia wodini na chupa ya chai iliyojaa kisusio, supu ya damu ya mbuzi, akamnywesha vijiko kadhaa. Tangu siku hiyo damu ya mama ikawa imeletwa na yeye. Daktari hakutajwa tena.

Tukarudi Njoro na agizo moja: bandeji asiiguse mtu. Wadudu wakifika kwenye chuma, chuma kitatolewa, na mama hatatembea tena kihambani kwake. Nilimweleza kila mgeni. Kila mgeni alikubali kwamba kweli watu wengine hawafai kabisa kuigusa, kisha akanyoosha mkono.

Siku moja nilikwenda kumchemshia shangazi chai. Niliporudi nilimkuta amebandua pembe ya bandeji, na vidoleni ameshika kidonge cha rangi mbili amekipasua katikati, tayari kunyunyiza unga wake ndani. Mama alikuwa anatazama dari kama ng'ombe anayekamuliwa.

"Shangazi, toa mkono!"

"Nyamaza, wewe mtoto. Hii inakausha."

Nilimshika kiwiko, nikamtoa mpaka nje, nikafunga mlango. Pembe ile ya bandeji ilikuwa na unyevu. Nikakodi teksi, tukarudi hospitali. Daktari akasafisha, akafunga upya, akasema tusubiri tuone. Niliogopa vibaya sana. Kila asubuhi nilimgusa mama paji la uso nikitafuta homa, na kila alipoguna usingizini nilimchukia shangazi upya.

Ukoo nao ulikuwa na habari yake: nimemfukuza shangazi. Kidonda kikasahaulika, mgonjwa sasa akawa yeye.

Jumapili baada ya ibada alitokea mlangoni na kitenge chake cha kanisani, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Mtu akija na isale kuomba msamaha, Mchagga hana ujanja, kulikataa ni kujitafutia laana. Ni isale hilohilo tunalolipanda mipakani mwa vihamba, na hakuna anayethubutu kulivuka. Shangazi aliyajua yote hayo, na sidhani kama alikuwa na majuto hata chembe. Alichotaka ni mlango. Nikasogea pembeni nimeuma meno, akapita, akaketi palepale kitandani, na macho yake yakateleza kuelekea pajani.

"Nimekosa, wifi," alisema.

Mama alilipokea jani. Tangu mkasa ule alikuwa kimya, nikadhani amekata tamaa. Akalikunja, akalipiga fundo, akalilaza juu ya shuka, sawasawa na pale kilipo kidonda.

"Nimekusamehe, wifi. Na huu ndio mpaka. Umeuona?"

Shangazi alilitazama lile fundo. Huyu ndiye aliyewahi kumshitaki jirani kwa wazee wa ukoo kwa kung'oa shina moja la isale, angevukaje? Mikono yake ikarudi mapajani mwake mwenyewe, akaulizia chai. Jani lilikaa pale mpaka likanyauka, na wageni waliofuata walikaa kwenye viti wakazungumzia mvua.

Homa haikuja. Kidonda kikakauka, nyuzi zikatolewa, na kabla ya vuli mama alipanda kihambani kwa fimbo, polepole, akikataa nimshike. Nilimfuata nyuma nikilia bila aibu.

Shangazi mpaka leo anawasimulia wateja wake pale Himo kwamba wifi yake aliponywa na isale lake. Nimetafuta sana namna ya kumkanusha, sijaipata. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mwanamke yule anasema kweli.