Shahidi wa Upande wa Ukoo

Siku niliyomwona Secilia kwa mara ya kwanza, aliingia Nemba, kijiji chetu cha Wasubi, nyuma ya ng'ombe saba, jogoo kwapani, vumbi la kutoka Shinyanga mpaka kwenye kope. Mumewe, Maduhu, aliniita ndugu kabla hajajua jina langu. Secilia akacheka.

"Kama ni ndugu yako, basi ni shemeji yangu. Shemeji, shoka unalo?"

Mimi si mtu wa maneno. Nilikwenda kuleta shoka.

Tulipakana miaka kumi na tisa, kati yetu mstari wa minyaa tu. Nikichelewa kupalilia, aliingia shambani kwangu na jembe bila kuuliza. Mama yangu alipougua, ni yeye aliyemwogesha mpaka mwisho. Wao wenyewe hawakujaliwa mtoto.

Ugonjwa ulipomzidi Maduhu, aliniita nimwandikie wosia, maana hakusoma. Shamba na nyumba vibaki kwa Secilia. Nilikuwa nimesikia kwamba katika mashahidi wanne, wawili lazima wawe wa ukoo. Lakini ukoo wake ulikuwa Shinyanga, na haukuwahi kuja hata kumjulia hali.

"Andika wewe na jirani yetu Gaspari," alisema. "Ndugu zangu ni ninyi."

Nikaandika majina yetu mawili upande wa ukoo. Niliona ni kweli.

Baada ya mazishi, Ndassa, kaka yake, alifungua shauri mahakama ya mwanzo. Hakimu akaniuliza, "Marehemu ni nani wako?"

"Ndugu yangu."

"Kwa baba au kwa mama?"

Ndassa akadakia, "Mheshimiwa, muulize. Msubi amekuwa Msukuma lini?"

Watu wakacheka. Secilia alikuwa akinitazama. Uongo mmoja ungetosha, lakini nilikuwa nimeapa.

"Tulipakana mashamba," nikasema.

Hakimu alieleza bila ukali. Wosia wa mtu asiyejua kusoma unataka mashahidi wawili wa ukoo wake, na hapa hakuna hata mmoja. Karatasi yangu haikuwa wosia. Mali ikagawiwa kimila, na kwa mila shamba likaenda kwa kaka.

Secilia aliondoka Jumanne asubuhi na furushi moja la nguo. Nilisimama kwenye minyaa, nikashindwa hata kumpokea mzigo. Akasimama mbele yangu.

"Shemeji," akasema, "kaburi liko nyuma ya mihogo, na Ndassa hatalipalilia. Palilia wewe."