Modeli ya kompyuta ilivyotuletea tangi la maziwa lisilojaa hapa Kyimo

Wakuu, poleni na majukumu. Hili nimelishuhudia mwenyewe. Asiyeamini aje Kyimo nimpeleke akalione hilo tangi.

Ushirika wetu wa wafugaji ulitaka tangi la kupozea maziwa. Akaletwa mshauri elekezi kutoka Dar, raba nyeupe kwenye matope ya Rungwe. Mimi nikapewa kishikwambi, nipite nyumba kwa nyumba kuuliza ng'ombe wanatoa lita ngapi.

Sasa wafugaji nao ni binadamu. Baba yangu mdogo, jirani yake akiwa pale pale: "Andika ishirini." Ng'ombe mwenyewe mbavu zinahesabika! Nyumba inayofuata mama anapunguza, anahisi ni mambo ya kodi.

Nikamwambia mshauri, aliyekuwa akiziingiza kwenye modeli yake ya kukadiria ukubwa wa tangi, "Bosi, hizi data zinayumba. Tuweke za chini, halafu za juu, tuone jibu linacheza kiasi gani."

Akacheka. "Dogo, kompyuta haikosei."

Kompyuta ambayo haijawahi hata kumwona ng'ombe!

Nikajaribu mwenyewe kwenye hiyo modeli. Ukishusha lita kidogo tu kwa kila ng'ombe, na baadhi wakiacha kukamuliwa kwa sababu ya mimba, tangi linalotakiwa linakuwa nusu. Nikawaonesha viongozi. Wakasema mshauri ana jibu moja, tena lenye desimali, mimi nawaletea "kuanzia hapa mpaka pale". Desimali zinalevya watu, aisee.

Likaja dude. Maziwa yakaishia chini kabisa, mwiko wa kukorogea hauyafikii. Yanaganda barafu kwa chini, juu yanachacha. Mama yangu alisimama na ndoo yake akitazama maziwa yanamwagwa mtaroni. Bora angelia.

Kikaitwa kikao. Mshauri bila aibu: "Tatizo wafugaji walidanganya."

Mama Atupele, mjumbe wetu, akainuka. "Sasa baba, unatuuliza habari za ng'ombe mbele ya majirani, ulitegemea tuseme kweli?"

Watu walicheka mpaka mshauri akaanza kukusanya nyaya zake.

Sasa tunatumia tangi dogo la mtumba kutoka Kiwira. Linatosha.

Funzo: ukiletewa utabiri wa kompyuta, uliza walichoilisha kina uhakika gani, na kikiyumba jibu linayumba mpaka wapi. Aliyeuleta akikasirika, msindikize stendi.

Nasikia mshauri wetu sasa yuko wilaya nyingine, anakadiria mahindi. Kama ni kwenu, semeni hapa mapema.